Naomba ushauri: uwanja mpya au pesa za kutunza ule uliopo?

Wadau, hamjambo. Tunaandaa maoni ya bajeti ya kaunti hapa Kisumu kabla makadirio hayajafika bunge la kaunti, mwisho tarehe 30 Aprili. Kuna wanaotaka uwanja mwingine, ilhali ule wa Mamboleo ulifunguliwa 2021 tu.

Gharama inayosahaulika ni ya ardhini. Udongo mweusi wa huku hufura mvua ikinyesha, kiangazi unapasuka. Ukipanda nyasi juu yake moja kwa moja, maji yanatuama golini na mizizi inaoza. Lazima uchimbwe, yalazwe mabomba ya kutoa maji, kokoto sentimita 10, kisha mchanga sentimita 30. Kwa uwanja wa mita 105 kwa 68, mchanga pekee ni takriban mita za ujazo 2,100! Na hapo bado maji, mbolea na kukata nyasi kila wiki.

Kwa maoni yangu matunzo yatangulie. Shida ni kwamba ada ya kukodisha uwanja huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na kutoka huko inagawiwa kwingine. Mnaofuatilia viwanja vya Bukhungu (Kakamega) au Afraha (Nakuru), tuandike kifungu gani ili pesa za nyasi zitengwe kila mwaka kwenye matumizi ya kawaida?