Nianze na aina ipi ya poka mtandaoni kwa kuzingatia ugumu wake?

Mwanagenzi_wa_Karata ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nimekwisha kujifunza ngazi za mikono ya poka, kuanzia jozi moja hadi mfululizo wa karata tano za aina moja, na sasa ninataka kuchagua mchezo mmoja nitakaoushikilia kwa miezi kadhaa. Orodha niliyoikuta ni ndefu: Texas Hold'em, Omaha, Seven-Card Stud, Razz, pamoja na michezo ya kubadilisha karata. Karibu kila maelezo yanasema Hold'em ndiyo rahisi kuliko yote, kisha aya inayofuata inasema ndiyo yenye wapinzani wakali kuliko wote. Je, ugumu wa mchezo hupimwa kwa kipimo gani? Muda wa kujifunza ninao, ila fedha ninazoweza kuzitenga ni kidogo.

Mzee_wa_Shupaza amejibu:

Ndugu, maelezo hayo hayapingani, kwa sababu moja linahusu kanuni na jingine linahusu kucheza vizuri. Kanuni za Hold'em utazishika kwa kikao kimoja: unapewa karata 2 za siri, karata 5 zinafunuliwa mezani kwa ajili ya wote, nawe unaunda mkono bora wa karata 5 kutoka katika hizo 7. Kazi inaanza pale mtu anapopandisha dau nawe huna hakika ana nini. Hata namna iliyo nyepesi kabisa ya mchezo huo, yaani watu wawili tu na madau yenye kiwango maalumu (kiasi cha kila dau kimepangwa kabla), haikupata jawabu la kompyuta lililo karibu na ukamilifu hadi mwaka 2015, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipotangaza programu yao ya Cepheus. Kwa meza ya watu sita isiyo na kikomo cha dau, programu iitwayo Pluribus ilikuja kuwashinda wachezaji wa kulipwa mwaka 2019.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la mchezo, uliza kwanza madau yake yamewekewa mipaka gani, maana hilo hubadili ugumu kuliko watu wanavyodhani. Tuseme baada ya karata nne za mezani unasubiri kopa moja ili ukamilishe kopa tano. Zimebaki karata 46 usizoziona, na 9 kati yake ni kopa, yaani nafasi yako ni karibu asilimia 20. Kama mezani kuna 100 na mpinzani anaweka 50, unalipa 50 ili fungu lifikie 200, hivyo unahitaji angalau asilimia 25, na kulipa ni hasara isipokuwa unatarajia kumvuna zaidi baadaye. Katika mchezo wa kiwango maalumu, mpinzani huyo huenda asingeruhusiwa kuweka zaidi ya 10 juu ya hiyo 100, na hapo unahitaji asilimia 8 au 9 tu, kwa hiyo unalipa bila kusita. Hesabu ni ileile, lakini kosa moja haliwezi kukumalizia akiba yote. Mimi ningekuanzisha na Hold'em ya kiwango maalumu, kwa madau madogo kabisa yaliyopo, kisha nikuhamishie kwenye isiyo na kikomo.

Pao_Tupu amejibu:

Ninakubaliana na mkuu hapo juu, ila ninaongeza onyo kuhusu Omaha, kwa kuwa wengi hukimbilia huko wakidhani ni Hold'em yenye karata za ziada. Sivyo. Unapewa karata 4, na ni lazima utumie 2 za mkononi na 3 za mezani, si zaidi wala si pungufu. Tuseme mkononi una ree ya kopa, mfalme wa pao, tisa ya uru na nane ya shupaza, na mezani kuna kopa nne. Katika Hold'em, ree hiyo peke yake ingekupa kopa tano za juu kabisa. Katika Omaha huna kopa tano hata kidogo, na mwenye kopa mbili hafifu mkononi anakushinda. Programu itausoma mkono kwa usahihi mwishoni, lakini haitakuzuia kulipa dau kubwa kwa ajili ya mkono usiokuwepo.

Jambo la pili ni idadi. Mikono ya kuanzia ya Hold'em ni 1,326, nayo ya Omaha ni 270,725. Karata zako 4 zina jozi 6 za kuchagua, na za kila mpinzani vilevile, ndiyo maana mkono unaoonekana mnono katika Hold'em huwa wa kawaida sana huko. Iache kwanza.

Kibarazani_Jioni amejibu:

Wakuu, mmeisahau Razz, nami ninaona imeonewa. Ni jamii ya Stud: kila mtu hupata karata 7, 3 za siri na 4 za wazi, wala hakuna karata za pamoja. Mkono wa chini ndio unaoshinda, na ulio bora ni ree, mbili, tatu, nne na tano. Mpinzani akifunuliwa mfalme wakati wewe umefunuliwa tatu, huhitaji ualimu kujua nani ana nafuu, na madau kwa kawaida ni ya kiwango maalumu. Ugumu wake ni kumbukumbu, kwa kuwa mtu akijitoa, karata zake za wazi huondolewa kwenye skrini, na asiyezikumbuka husubiri karata zilizokwisha kupita. Stud ya kawaida ina mzigo huohuo, pamoja na kusoma jozi na mifululizo kwenye meza nzima.

Tatizo ni kwamba meza zake ni chache, na unaweza kungoja sana au kukutana na wazoefu walewale.

Mwanagenzi_wa_Karata ameandika:

Nashukuru sana. Nimeelewa kwamba Omaha isubiri. Je, meza za chipu za bure zinatosha kwa mazoezi, au nianze na madau madogo moja kwa moja?

Mzee_wa_Shupaza amejibu:

Zitumie kuzoea vitufe na mwendo wa mchezo, basi. Mtu asiyepoteza chochote hajitoi, hivyo kila dau hufuatwa na watu watano, na utajifunza kwamba vitisho, yaani kuweka dau ukiwa na mkono dhaifu ili wengine wajitoe, havifanyi kazi, jambo ambalo si kweli penye fedha. Ukihamia kwenye madau madogo, angalia pia tovuti inakata kiasi gani katika kila fungu, kwa sababu kwenye madau ya chini makato hayo ndiyo hula faida ya mchezaji mzuri. Na cheza meza moja tu mpaka uwe unaweza kukisia mkono wa mpinzani kabla haujafunuliwa.