Zamu za usiku na riwaya iliyokwama sura ya nne

Muuguzi, Tanga: Habari zenu wapendwa. Niko wodi ya wazazi, zamu tatu za usiku kila wiki. Naandika riwaya ya mama muuza dagaa wa Sahare. Sura tatu nilizimaliza likizoni kwa siku 12; tangu Mei nimeongeza kurasa mbili tu. Asubuhi nikirudi kuna mtoto wa chekechea wa kuandaa, maji ya kuchota, chai ya baba watoto. Nikishika daftari, macho yanafumba. Naumia, maana yule mama ananijia kichwani hata nikiwa nampima mgonjwa presha. Mnaandika saa ngapi?

Mwalimu wa msingi: Pole sana dada. Mimi niliacha kusubiri saa nzima ya utulivu. Nikiwa kituoni nangoja daladala naandika sentensi mbili tatu kwenye simu, Jumapili naziunganisha. Hadithi yangu fupi ilichukua miezi mitano, lakini iliisha. Usiandike ukitoka zamu, lala kwanza.

Mzee wa Pangani: Mwanangu, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na mashairi aliandika. Kazi usiache. Ila hiyo chai, mumeo anaweza kuipika.

Muuguzi, Tanga: Shikamoo mzee, ahsanteni. Nimemwambia, kakubali siku ninazotoka zamu. Leo nimelala hadi saa nane, kisha nikaandika aya moja: mama anahesabu chenji gizani, anatambua sarafu kwa kidole gumba.