Mjadala: Mwongozo wa polisi kuhusu matukio ya chuki ni haki yetu kuuona, au ni siri ya ndani?

Dada wa Masasi, mleta mada

Habari zenu wana Kusini. Naomba tujadiliane kwa utulivu, maana jambo hili limenikaa kooni tangu mwezi uliopita.

Mdogo wangu ana ualbino. Ana miaka 19, anauza vocha na kutengeneza simu karibu na stendi. Jioni akipita kijiwe cha bodaboda, kuna wawili watatu pale wanamwita "dili". "Zeruzeru" ameshalizoea, na ubaya wake wote. Hili la "dili" hawezi kulizoea, kwa sababu kila Mtanzania anajua maana yake: kwamba viungo vyake ni pesa. Siku moja mmoja wao alimshika mkono, akaupima kwa vidole kuanzia kiganja hadi kiwiko, kama fundi anavyopima kitambaa, akataja bei. Wenzake wakacheka. Mdogo wangu alirudi nyumbani, akaweka kofia yake juu ya kabati, akalala bila kula.

Tukaenda kituoni. Askari wa zamu alitupokea vizuri, sitasema uongo. Alifungua lile daftari kubwa, akaandika, akatupa RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa. Tulipotoka nje nikaisoma: "lugha ya matusi". Basi. Hakuna neno ualbino, hakuna kushikwa mkono, hakuna bei. Nikarudi ndani nikamuuliza, afande, mna utaratibu gani wa kuandika tukio la mtu kutishwa kwa jinsi alivyozaliwa? Akanijibu, "Huo ni utaratibu wetu wa ndani."

Sitaki jalada la mtu wala majina ya watuhumiwa. Nataka kuiona karatasi inayomwambia askari aandike nini, amjulishe nani, afuatilie vipi. Kama karatasi hiyo haipo, nijibiwe kwa maandishi kwamba haipo. Barua nimeshaiandika, ipo hapa mezani. Kabla sijaipeleka nauliza: nina haki ya kuomba hivyo, au naingilia kazi ya polisi?

Kijana wa Mikindani

Pole sana dada, na mpe pole mdogo wako. Ila mimi nakuambia acha. Sheria yenyewe ya taarifa ina kifungo cha miaka 3 hadi 5. Na hapa Mtwara tunajua mambo. 2013 kwenye vurugu za gesi tuliona wanajeshi mitaani. 2022 maofisa saba wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji ya mfanyabiashara wa madini aliyetoka Nachingwea. Mtu mdogo akianza kudai nyaraka za polisi, anajiweka mahali pabaya. Tafuta mtu wa kuzungumza na hao bodaboda, yaishe.

Mwalimu wa Newala

Mdogo wangu wa Mikindani, hofu yako naielewa, lakini hapo kwenye kifungo umechanganya, na kuchanganya huko kunawafunga watu midomo bure. Adhabu ya miaka 3 hadi 5 inamhusu anayetoa taarifa ambazo sheria imezizuia. Anayeomba hafungwi kwa kuomba. Akinyimwa, amenyimwa tu.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ni ya 2016, na kanuni zake zikatoka 2017. Inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na Jeshi la Polisi ni mamlaka ya umma. Unaandika maombi, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Wakikataa wakupe sababu. Usiporidhika unaomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, na bado unaweza kukata rufaa kwa waziri.

Zipo taarifa zinazozuiwa, na sababu zake ni nzito: usalama wa taifa, kuvuruga upelelezi, kuhatarisha maisha ya mtu, kuingilia faragha. Sasa tujiulize kwa haki kabisa: utaratibu wa kujaza daftari la kituo unavuruga upelelezi wa nani? Jalada la kesi ya mtu ni kitu kimoja, kanuni inayoongoza majalada yote ni kitu kingine. Dada ameomba hicho cha pili.

Mimi nafundisha uraia. Kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni ibara ya 18 ya Katiba, haki ya kutafuta na kupata habari. Wanainakili vizuri, wanaijibu kwenye mtihani. Sijawahi kumwona mzazi hata mmoja wilayani kwangu akiitumia. Dada, ukiipeleka hiyo barua nitaomba nakala niwaonyeshe darasani.

Askari mstaafu, Lindi

Nimesoma yote kwa makini. Nimevaa sare zaidi ya miaka ishirini, nyingi nikiwa huku huku Kusini, kwa hiyo naomba mnisikilize kabla ya kunihukumu.

Kwanza huyo kijana wa zamu. Pengine hakuficha kitu. Askari kituoni anaandika kosa analoweza kulitaja kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu ina kifungo cha 89 cha lugha ya matusi, kila askari anakijua hata usingizini. Ina kifungo cha 129 kwa anayeumiza hisia za dini ya mtu kwa makusudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ubaguzi wa rangi, asili, utaifa na dini, lakini ni kwenye mtandao. Mtu akitoa tusi la chuki mdomoni, kijiweni, askari anatafuta chumba cha kuliweka na anakikuta hicho hicho cha 89.

Pili, mpaka. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Baada ya hapo, kila mgeni aliyeongea Kimakonde chenye lafudhi ya ng'ambo alitazamwa vibaya, na wengine walikuwa wakimbizi wa kweli waliokimbia kuchinjwa. Taarifa kama hizo za chuki dhidi ya wageni zilikuwa zinatufikia, na zilichanganyika na taarifa za kiusalama. Huwezi kuianika karatasi inayoonyesha jinsi tunavyochuja hizo mbili. Mhalifu naye anasoma.

Kwa hiyo mimi napinga kutoa mwongozo wote. Na sipingi kwa sababu ya kuogopa raia.

Mzee wa Nachingwea

Hamjambo wajukuu. Mimi nina hofu nyingine, na wala sio siri za polisi.

Sisi watu wa huku tumelelewa kwenye utani. Nilipomzika mke wangu, mtani wangu alifika akajilaza kwenye mwanamwandu, pale kaburini anapolazwa maiti, akasema hatoki mpaka alipwe, marehemu alikuwa na deni lake la korosho. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Alinitukana mimi, kabila langu na ukoo wangu wote, nikampa elfu mbili na kumshukuru. Bila yeye nisingeimaliza siku ile. Mgeni kutoka mbali akiyasikia yale ataandika chuki.

Sasa mkishadai mwongozo wa chuki, hata kama haupo utaandikwa kwa sababu mmeudai. Utaandikwa na nani? Na mtu wa ofisini ambaye hajui mtani ni nani. Kesho mjukuu wangu atapewa RB kwa kumwita Mmakua mla panya.

Huyo aliyemshika kijana mkono na kutaja bei si mtani. Mtani hatishi uhai. Huyo angeshikwa siku ile ile.

Msomaji wa sheria, Mtwara Mjini

Shikamoo mzee. Hofu yako imeshatokea mahali, na namna ilivyotatuliwa inatuhusu.

Uingereza, 1993, kijana mweusi Stephen Lawrence aliuawa London akiwa kituo cha basi. Upelelezi uliborongwa. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Macpherson ikatoka 1999, ikasema tukio lihesabiwe la kibaguzi kama aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, analiona hivyo. Nia ilikuwa njema: askari asipuuze. Kutoka hapo polisi wakaanza kuandika hata mambo ambayo si kosa la jinai, na 2014 chuo kinachoandaa miongozo ya polisi wa England na Wales kikatoa mwongozo wa kuyaandika.

Likaja suala la Harry Miller, aliyewahi kuwa polisi. Alikuwa ameandika maneno mtandaoni kuhusu watu waliobadili jinsia, mtu akalalamika, polisi wakaenda mpaka kazini kwake na tukio likaandikwa. Hakuwa ametenda jinai. Akaenda mahakamani. 2020 Mahakama Kuu ikasema walichomfanyia polisi kilivunja uhuru wake wa maoni. Desemba 2021 Mahakama ya Rufani ikaenda mbali zaidi, ikasema mwongozo wenyewe una kasoro, unawatisha watu wasiseme. 2023 serikali ikatoa kanuni mpya zenye masharti makali zaidi.

Angalieni kitu kimoja hapo. Huyu Miller aliupinga mwongozo kwa sababu aliweza kuusoma, neno kwa neno. Wale wanaotaka chuki iandikwe wanaushika mkononi, na wale wanaoona umezidi wanaushika mkononi. Ule ulikuwa wazi. Na mwongozo wa ndani ambao haujachapishwa, wenzetu wanauomba kwa sheria yao ya uhuru wa taarifa ya 2000, na polisi wana siku 20 za kazi kujibu.

Kwa hiyo mzee wangu, kama unaogopa mtu wa ofisini asiyejua utani, wewe ndiye wa kwanza unayepaswa kuudai mwongozo. Ukiandikwa gizani, utani wako utafia gizani.

Na Afande, shikamoo. PGO, ule mwongozo wenu mkubwa wa kazi, ulisomwa mbele ya jaji kwenye kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake. Mawakili waliunukuu, magazeti yakaandika. Nchi haikuanguka.

Askari mstaafu, Lindi

Marahaba. PGO uliosomwa pale ni sehemu ya vielelezo, namna ya kupokea na kutunza kitu kilichokamatwa. Hiyo hata mimi sina tatizo nayo, raia akiijua inatusaidia.

Lakini ngoja niseme ukweli ulioniuma. Nilipokuwa kituoni, sikumbuki hata mara moja kuambiwa: mtu mwenye ualbino akija kulalamika kuhusu maneno, fanya hivi. Akija kajeruhiwa, ndiyo, kila mtu anakimbia, simu zinapigwa mpaka mkoani. Maneno tulikuwa tunayaita maneno. Kuna mama mmoja alikuja mara tatu kwa ajili ya mtoto wake, nikamwandikia mara tatu, kila mara kwenye ukurasa tofauti, kila mara tusi. Hakuna aliyefungua zile kurasa tatu na kuziweka pamoja. Hata mimi sikuziweka.

Dada, usiombe "mwongozo wote wa usalama". Utakataliwa, na kwa haki. Omba maelekezo ya kupokea na kuandika malalamiko ya raia yanayohusu ulemavu, rangi, dini au kabila. Hapo mimi nakuunga mkono.

Kijana wa Mikindani

Afande akisema hivyo mimi ni nani. Lakini dada usiende peke yako. Na gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, la sivyo watasema haikufika.

Dada wa Masasi, mleta mada

Nashukuru wote, na nimeibadilisha barua. Nilikuwa nimeandika "sera na miongozo yote ya Jeshi la Polisi kuhusu chuki". Nimefuta. Sasa inasomeka hivi:

"Naomba nakala ya maelekezo yanayotumika vituoni kupokea, kuandika na kufuatilia malalamiko ya mtu aliyetukanwa au kutishwa kwa sababu ya ulemavu, rangi ya ngozi, dini au kabila lake, pamoja na namna malalamiko yanayojirudia ya mtu mmoja yanavyounganishwa. Kama maelekezo hayo hayapo, naomba kujulishwa hivyo kwa maandishi."

Hilo la kuunganishwa nimelichukua kwako Afande. Zile kurasa tatu zimenifanya nishindwe kulala.

Mzee wangu wa Nachingwea, hukunishawishi niache, ila umenifanya niongeze mstari: naomba pia maelekezo yanayotofautisha utani na tishio, kama yapo. Na kwa wanaosema naanza mambo makubwa: Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ilikwishasema nchi yetu haikuwalinda watu wenye ualbino inavyotakiwa. Mimi naomba karatasi moja.

Mama wa Tandahimba

Mimi mwanangu ndiye ananiandikia hapa, sijui kusoma. Mjukuu wangu ni kama mdogo wako. Haendi shule tangu watu waanze kumfuata njiani. Mtu kama mimi barua naipelekaje?

Mwalimu wa Newala

Shikamoo mama. Sheria imekukumbuka. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kueleza ombi lake kwa mdomo, na ofisa anatakiwa kuliandika. Uombe wakusomee walichoandika kabla hujaweka dole gumba.

Dada wa Masasi, mleta mada

Mama, mimi Jumatatu asubuhi napeleka ya kwangu na mdogo wangu. Jumatano nakuja Tandahimba kununua vitenge, nitafika hadi kwako. Tutakwenda wote, na mjukuu wako aje na kofia, jua la saa nne ni kali.