Mjadala: Ndoa ikivunjika kabla ya miaka miwili Marekani, sahihi ya mwenzi iendelee kushikilia kadi ya mgeni?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo. Naomba tujadili jambo ambalo kwenye vikao vya harusi hatuligusi, na kwenye vikao vya suluhu tunaligusa likiwa limeshaharibika.

Mgeni akipata ukazi wa Marekani kwa njia ya ndoa, na siku anapoupata ndoa hiyo haijafikisha miaka miwili, anapewa kadi ya kijani yenye masharti. Inadumu miaka miwili tu. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, yeye na mwenzi wake wanajaza fomu I-751, wanasaini wote wawili, wanaambatanisha ushahidi wa maisha yao ya pamoja, ndipo anapata kadi ya miaka kumi. Utaratibu huu ulianza mwaka 1986, Bunge la kule lilipotunga sheria ya kukomesha ndoa za makaratasi.

Waliotulia kwenye ndoa zao hawana neno. Tabu ni ya aliyetengana. Sheria inamruhusu mgeni kujaza peke yake kwa sababu chache: mwenzi kafariki, au ndoa ilikuwa ya kweli lakini imevunjwa, au mgeni kapigwa ama katendewa ukatili uliokithiri, au kuondolewa nchini kutamtesa kupita kiasi. "Imevunjwa" hapo ni hati ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani. Kutengana hakumo. Umehama, umepanga chumba chako, mwenzako ana mtu mwingine, lakini mbele ya idara ya uhamiaji wewe bado ni mke wa mtu, na sahihi ya huyo mtu inatakiwa.

Kuna binti wa Tanga ninayemfahamu, yuko North Carolina. Jimbo lile kwa kawaida halitoi talaka mpaka wanandoa wawe wameishi mbalimbali mwaka mzima. Alihama Februari, kadi yake inaisha Novemba. Wazee wakaitisha kikao kwa simu, wakasuluhisha, binti akarudi kwa mumewe, wakakaa mwezi na ushee, yakaharibika tena. Nia ya wazee ilikuwa njema, ila kwa sheria ya jimbo lile wanandoa wakirudiana na kuishi kama mume na mke, mwaka unaanza kuhesabiwa upya. Mume alipoombwa asaini fomu akajibu kwa ujumbe wa simu: "Rudi nyumbani kwanza, nitasaini."

Akijaza peke yake bila hati ya talaka, idara inamwandikia barua ya kuidai na kumpa siku 87. Siku 87, kwenye jimbo linalotaka mwaka. Ikipita hiyo, ombi linakataliwa na anaitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Kweli, kwa jaji anaweza kusikilizwa upya, na siku hati ikitoka anaruhusiwa kujaza tena. Lakini nani kati yetu anaweza kulala usingizi akiwa na barua ya mahakama ya uhamiaji mezani?

Msimamo wangu: sahihi ya mwenzi iondolewe. Mgeni ajaze mwenyewe, athibitishe kwamba ndoa ilifungwa kwa nia ya kweli, iwe bado imesimama au imeanguka. Mnasemaje?

Mbeba Boksi, Dallas

Mkuu umeandika vizuri lakini umeandika upande mmoja. Mimi ndiye niliyeleta mke. Nilimlipia visa, tiketi, koti la baridi. Hata baridi ya kwanza haijaisha akahamia kwa "shangazi" Houston, na shangazi mwenyewe ana ndevu.

Wakati wa kumleta nilisaini fomu I-864, kiapo cha kwamba nitamtunza asiwe mzigo kwa serikali. Wakili akanifafanulia baadaye, na ningependa kila anayetaka kuoa kutoka nyumbani alisikie hili: talaka haikifuti hicho kiapo. Kinaisha yeye akipata uraia, au akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi hivi, au akiondoka nchini moja kwa moja, au mmoja wetu akifa. Akikwama kimaisha anaweza kunishtaki nimtunze mpaka kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini.

Sasa unataka na hiyo sahihi moja niliyobaki nayo niipokonywe? Sheria ibaki kama ilivyo. Miaka miwili ni mtihani wa haki kabisa.

Kijana wa Kariakoo

Pole sana bro. Shangazi mwenye ndevu, duh.

Mkenya wa Minneapolis

Mbeba Boksi, pole kwa yaliyokupata, sikubezi. Lakini umejisikia ukiongea? "Sahihi moja niliyobaki nayo." Hiyo ndiyo shida yenyewe. Umesema wazi kwamba ni silaha.

Mimi nimekaa na kina dada wengi hapa Minnesota, na nataka niseme mambo mawili matatu kwa yule anayesoma kimya kimya saa hii. Mume hawezi kufuta kadi yako. Hana hiyo ofisi. Anachoweza ni kukataa kusaini, na anaweza kupiga simu akuchongee. Kama umepigwa au unateswa, huhitaji sahihi yake, na huhitaji kungoja talaka ndio ujaze. Unaweza kujaza wakati wowote, hata kabla ya zile siku 90, hata kama bado mnalala nyumba moja. Ripoti ya polisi ikiwepo ni sawa, isipokuwepo usikate tamaa: sheria inataka maafisa wapime ushahidi wowote wa kuaminika. Barua ya mshauri, jirani aliyesikia, picha, zile meseji zake. Na maneno ya mtesaji peke yake hayaruhusiwi kuwa msingi wa kukukatalia.

Ukatili pia si ngumi pekee. Kuficha pasipoti ya mtu, kumfungia, kumtisha kila siku na hiyo kadi, vyote vinaweza kupimwa kama ukatili. Wengi hawajui, kwa sababu aliyewaelezea sheria ni yule yule anayewatisha.

Mbeba Boksi, Dallas

Dada, mimi sijampiga mtu. Mbona kila tukizungumzia ndoa za Marekani mwanaume anakuwa mshtakiwa? Njia ya aliyepigwa ibaki, hakuna anayeipinga. Nazungumzia wanaotumia watu kama daraja. Hapa Dallas kila mtu anamjua mtu aliyelipa au aliyelipwa. Tusijifanye watakatifu.

Mkalimani

Assalaam aleikum. Nimetafsiri kwenye kesi hizi muda mrefu, na naona mnabishana juu ya sahihi huku jambo linalowaangusha watu wetu wa pwani hamjalitaja.

Anakuja mama na bahasha. Ndani kuna karatasi ya msikitini, imeandikwa vizuri, ina muhuri na mashahidi wawili: fulani amemwacha fulani talaka moja, eda imeisha. Mama anasema, "Mimi nimeachwa, nataka nijaze peke yangu." Wakili anaisoma tafsiri yangu, anairudisha mezani. Kwa dini ameachwa. Kwa jimbo bado ana mume. Talaka iliyotamkwa Columbus au Seattle, hata mbele ya imamu, haivunji ndoa ya kiserikali mpaka mahakama ya jimbo iseme. Huyu mama alikaa mwaka mzima akiamini ameshamaliza, kumbe hata hajaanza.

Wengine wanasema basi nitaandikiwa nyumbani. Talaka ya nje inapimwa kwa sheria ya huko ilikotolewa, na Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka amri ya mahakama. Karatasi ya shehe peke yake haitoshi hata Temeke. Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar au ya Kenya ni habari nyingine, hizo ni mahakama za serikali, lakini hata hapo wataangalia kama ilikuwa na mamlaka juu ya watu wanaoishi Marekani.

Kwa hiyo mimi nashauri: mkitengana, fungua kesi ya talaka mapema hata kama wazee bado wanasuluhisha. Kesi inaweza kuondolewa mkipatana. Muda uliopotea haurudi.

Bint Pwani, Leicester

Nyie Marekani mna bahati na hamjui. Huku Uingereza kipindi cha majaribio kilikuwa miaka miwili, mwaka 2012 wakakifanya mitano. Ndoa ikifa kabla ya hapo bila ukatili, hakuna cha kusema "ilikuwa ya kweli nilipoifunga." Unatafuta njia nyingine, kama una mtoto wa hapa au visa ya kazi, la sivyo funga mabegi. Aliyeteswa ana njia yake, tena ya kupata ukazi wa kudumu, lakini aliyechokana tu na mwenzake kistaarabu hana kitu. Watu wanakaa kwenye ndoa zilizooza wakihesabu miezi.

Mtoa mada

Mkalimani, asante, hilo la karatasi ya msikitini nilikuwa silijui kwa undani huo.

Nimjibu Mbeba Boksi, maana hoja yake ndiyo nzito. Anasema sahihi inazuia ndoa za makaratasi. Tuifikirie basi ndoa yenyewe ya makaratasi. Mtu kalipwa. Nusu ya pesa mwanzoni, nusu kadi ya kudumu ikitoka. Huyo atakataa kusaini? Atasaini akiwa anatabasamu, sahihi ndiyo kazi aliyolipiwa. Picha za pamoja zipo, mkataba wa pango una majina mawili, akaunti ya benki ipo, ritani ya kodi imejazwa pamoja. Kila kitu kimenyooka kuliko ndoa ya kweli. Anayekosa sahihi ni yule aliyependana na mtu kweli, wakagombana kweli. Chujio hili linapitisha mawe na kuzuia mchele.

Anayekamatwa kwa udanganyifu ana adhabu zake tayari, kifungo hadi miaka mitano na faini hadi dola 250,000, na hakuna mtu atakayeweza kumwombea tena ukazi. Ofisa anambaini kwa mahojiano na nyaraka.

Halafu ile sheria ya 1986 ilisukumwa na nini? Idara ya uhamiaji ya wakati huo iliwaambia wabunge kwamba asilimia 30 ya ndoa za namna hii zilikuwa za uongo. Namba hiyo ilitokana na utafiti uliohesabu ndoa zilizotiliwa shaka, na baadaye ikakubaliwa mahakamani kwamba utafiti ule ulikuwa na kasoro kitakwimu. Wabunge wenyewe walilegeza masharti mwaka 1990, wakaongeza njia ya waliopigwa. Kabla ya hapo hata aliyevunjwa mkono alikuwa hana mlango wake.

Kuhusu kiapo cha I-864, hapo Mbeba Boksi nakuunga mkono kabisa. Kumfunga mtu miaka kumi kwa ndoa iliyodumu msimu mmoja hakuna haki ndani yake.

Msomaji kimya

Samahani kwa kuingilia. Mimi na mume wangu tumetengana tangu Pasaka lakini hatugombani, analea mtoto wikiendi. Kadi yangu inaisha Desemba. Amesema yuko tayari kusaini. Je ni udanganyifu?

Mkalimani

Mwanangu, kutengana peke yake hakuwazuii kusaini pamoja, na ombi halitakiwi kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Kosa ni kudanganya. Msiandike anwani moja kama mnaishi mbili, msiende kwenye mahojiano mkashikana mikono ya kuigiza. Semeni tulifunga ndoa kwa nia ya kweli, sasa tumetengana, mtoto huyu hapa. Mkifungua kesi ya talaka katikati, wataomba hati, na ombi linaweza kugeuzwa liwe la kwako peke yako. Na usijaze kabla ya siku 90, litarudishwa. Ukishapokea stakabadhi yao, itunze pamoja na kadi iliyoisha, inakuongezea muda wakati unangoja majibu, na siku hizi muda huo umefika miezi 48. Lakini mwone wakili wa uhamiaji kwanza, sisi hapa ni watu wa kubishana.

Jambo moja zaidi. Ile njia ya kuomba uraia kwa miaka mitatu inataka muwe mnaishi pamoja na mwenzi raia. Mkitengana, hesabu miaka mitano. Ile miwili ya masharti inahesabiwa humo.

Msomaji kimya

Nashukuru sana. Nimepumua.

Mkenya wa Minneapolis

Mungu akubariki dada. Na huyo mume wako mtumie salamu, ni wachache.

Mbeba Boksi, Dallas

Nimesoma yote. Hilo la kwamba aliyelipwa atasaini tu, sina jibu lake, mnipe muda. Ila tuwekeane sharti. Mnataka sahihi yangu isihitajike? Sawa. Basi siku hiyo hiyo anayojaza peke yake na kiapo changu kife. Hawezi kuwa huru kwangu mimi nikiwa nimefungwa kwake.

Mkenya wa Minneapolis

Kwa yule aliyehamia kwa shangazi mwenye ndevu, nakubali. Kwa yule uliyempiga mpaka akakimbilia kwenye nyumba ya hifadhi na hana kazi wala kibali kingine, nani atamlisha ukishafuta kiapo?

Kijana wa Kariakoo

Hapo sasa. Mbeba Boksi, tunakungoja.