Mdogo wangu yuko kwenye methadoni, kaanza dawa za TB na arosto (mateso ya mwili ukidai unga) imerudi. Anatudanganya?

Dada Mkubwa, Temeke
Habari za jioni wandugu. Mdogo wangu wa kiume alitumia unga (heroini) miaka sita, mwanzo koktel, yaani kuuvuta umechanganywa na bangi, baadaye kujidunga. Sasa ana miezi kumi na minne anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, na hajakosa siku, iwe Idi iwe Krismasi. Alfajiri anapanda daladala, anakunywa mbele ya mfamasia, saa nne yuko gengeni kwa mama anapanga nyanya.

Wiki tatu zilizopita alikohoa mpaka tukampeleka zahanati, wakakuta kifua kikuu. Vidonge anameza nikimwangalia mwenyewe. Tangu juzi juzi, ikifika magharibi anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtiririka, vinyweleo vimesimama, usiku hajui alalie ubavu gani. Anasema, "Dada, dozi hainifikishi asubuhi." Kaka zangu wanasema kesharudi, teja ni teja, aondoke. Jana nimekuta mama kaficha simu na sufuria uvunguni. Nililia. Mwenye kujua aniambie ukweli.

Mzee wa Kikombe
Hadanganyi. Niko kwenye dozi tangu 2013, na TB ilinipata nikiwa humo humo. Kule kwenye TB sikusema kwamba nakunywa methadoni, niliogopa kuitwa teja mbele ya foleni nzima. Na kwenye methadoni sikusema nina TB, niliogopa kutengwa. Nilivumilia siku tisa, ya kumi nikarudi maskani kutafuta kete moja tu ya unga. Ile moja ilinichukua miezi minne. Muulize taratibu, asiwepo kaka yeyote: je, aliwaambia?

Nesi wa zamu
Dada, miayo, makamasi na vinyweleo ni arosto. Aliyetumia unga husinzia, na mboni zake huwa ndogo kama tundu la sindano.

Kwenye vidonge vya TB kuna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Inalichochea ini livunje methadoni haraka, kwa hiyo dozi iliyokuwa ikimtosha siku nzima inaisha jioni. Asiache dawa hata moja. Kesho aende kliniki ya methadoni na kadi yake ya TB, daktari atampandishia kidogo kidogo. Msimnunulie tramadoli wala vidonge vya usingizi dukani, vikikutana na methadoni vinaweza kumzimia pumzi.

Na hili lishikeni sana: akimaliza dawa za TB, awaambie kliniki ya methadoni siku hiyo hiyo. Ini hurudia kasi yake ya kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyopandishwa isiposhushwa inaweza kumuua usingizini.

Watumiaji wa unga wanapata TB kwa wingi. Wanabanana kwenye vijumba visivyo na dirisha, wanavuta pamoja, hawali vizuri, na wengi wana VVU. Kliniki ya kwanza ya methadoni ya umma huku bara ilianza Muhimbili, Februari 2011. Tiba ipo, lakini mgonjwa akiogopa kujitaja, kliniki mbili zinamtibu kila moja kivyake.

Mama Kisauni
Mwanangu, nakwambia kama mzazi, msimtoe nyumbani. Wangu tulimfukuza. Akakosa pa kulala, akakosa dozi wiki nzima, akarudia unga kwa kipimo chake cha zamani. Mwili ulikuwa ushasahau. Vijana wenziwe walimmwagia maji wakidhani amelala. Ipo dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa, naloksoni, lakini pale barazani nani angekuwa nayo?

Dada Mkubwa, Temeke
Pole sana mama, nimesoma maneno yako mara tatu, nikamsomea na kaka mkubwa. Hakusema kitu, ila la kumfukuza hajalirudia.

Nilimuuliza mdogo wangu akinywa uji. Akainama, akasema zahanati hakuwaambia, kulikuwa na jirani yetu kwenye benchi. Leo tumeenda wote na kadi. Daktari kapandisha dozi, kasema atamwona tena wiki hii, na zahanati nao wamepewa barua. Nimezungushia duara kwenye kalenda ya ukutani siku atakayomaliza vidonge vya TB, na chini yake nimeandika: DOZI ISHUSHWE.