Watoto wa sungura wanaharisha na kufa baada ya kutengwa na mama

Mama Sungura:
Habari zenu wafugaji. Naomba msaada, hata usingizi sipati. Nilikuwa na watoto 23 wa wiki sita hadi saba, nimewatenga na mama zao siku kumi zilizopita. Tangu Jumapili wamekufa 9. Mtoto anaanza kukataa chakula, anajikunyata pembeni, anasaga meno. Tumbo linajaa, na ukimwinua ukamtikisa kidogo unasikia maji yanacheza kama kibuyu kisichojaa. Nyuma pamelowa, na wawili walitoa ute mzito kama ute wa yai. Asubuhi nakuta hivyo, jioni nazika. Mama zao wazima kabisa, wanakula.
Ndani ninayo amoksilini ya maji iliyobaki mwanangu alipougua. Niwanyweshe kiasi gani?

Mfugaji wa Zamani:
Usiwape hata tone, dada! Sungura anameng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria wazuri walio kwenye utumbo. Amoksilini, ampisilini na linkomaisini zikipita mdomoni zinawafagia hao, halafu Klostridia, bakteria mbaya, anabaki na uwanja peke yake, anazaana na kumwaga sumu. Nilishapoteza majike manne wazima kwa kosa hilohilo, na hawakuwa wameanza hata kuharisha.

Jembe:
Hiyo ni koksidia, vile vimelea vya tumboni, wala usihangaike. Nunua dawa ya koksidia ya kuku, tia kwenye maji. Wangu walipona.

Mfugaji wa Zamani:
Jembe, huenda uko sahihi, umri huo ndio hasa wa koksidia. Lakini tumbo la maji na ute vinaletwa pia na bakteria E. koli, virusi vya rota, na ule ugonjwa ulioibuka Ufaransa mwishoni mwa 1996 ukamaliza watoto waliokuwa wametoka tu kuachishwa. Mara nyingi wanakuja wawili watatu pamoja: koksidia anachubua utumbo, bakteria anaingia nyuma yake. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.
Dada, akifa mwingine mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, kabla hajaoza. Beba na kinyesi cha walio hai. Ini likiwa na vinundu vyeupe au vya njano, hiyo ni koksidia ya ini. Ini likiwa safi, kinyesi kipimwe kwa hadubini. Na nikuulize: sakafu ya kizimba ni ya nini?

Mama Sungura:
Ya mbao. Waya upo kwa wakubwa tu.

Mfugaji wa Zamani:
Basi anzia hapo leo hii. Mayai ya koksidia yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku 1 hadi 4 penye unyevu na joto ndipo yakomae. Ukiondoa kinyesi kila siku na pakakauka, umeyawahi. Dawa nyingi za kuulia vijidudu hayazisikii, yanachoogopa ni maji yanayochemka na ukavu. Hao mama wanaoonekana wazima nao huyatoa. Punguza chakula cha vidonge, wape nyasi kavu kwa wingi, maji safi yasikosekane.

Mama Sungura:
Nimerudi. Wamekufa wawili zaidi, mmoja nilimpeleka. Ini lilikuwa safi, ila utumbo umevimba na una maji matupu, na kinyesi cha wenzake kilijaa mayai ya koksidia. Daktari amenipa dawa ya salfa, kipimo kaandika mwenyewe kulingana na uzito wao.
Ile mbao nilipoibandua, chini ya chupa ya maji palikuwa na tope la kinyesi unene wa kidole. Chupa inavuja, na mimi kila siku nafagia juu tu. Roho iliniuma sana. Nimemwaga maji yanayochemka, nikasugua, nikaanika juani, kisha nikawahamishia wote kwenye waya.
Wamebaki 12. Leo ni siku ya tano hajafa hata mmoja, na asubuhi nimekuta chini ya waya vinyesi vya duara, vikavu. Mmoja bado ananitia wasiwasi, anakula nyasi lakini vidonge vya chakula anavinusa na kuviacha.

Mfugaji wa Zamani:
Mwache na nyasi zake. Usimlazimishe vidonge.