Mr. Monk Goes to the Firehouse: waliokisoma, kinachekesha kama ile sirizi?

Binti_wa_Rau (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi kwenye hosteli moja hapa Moshi mjini inayopokea wageni wa mlima, na mnajua wageni wakishashuka Kilimanjaro wanapunguza mizigo, wanaacha soksi nzito, dawa za mbu, na vitabu. Sasa kwenye kabati letu nimekuta Mr. Monk Goes to the Firehouse cha Lee Goldberg, kimetoka 2006. Mimi na Monk, yule mpelelezi wa TV anayeogopa uchafu na vitu kukaa ovyo, ni damu damu, ile sirizi niliangalia misimu yote 8 na ndugu zangu sebuleni, na mama ambaye Kiingereza hakimpandi ndo alikuwa anacheka kuliko wote, maana yeye anamwangalia tu Tony Shalhoub anayeigiza Monk, yale mabega yalivyokakamaa na ile mikono anayoinyoosha mbele akiingia eneo la tukio kama mtu anayekadiria picha ukutani.

Na hapo ndo swali langu lilipo. Ucheshi wa Monk kwa kiasi kikubwa uko mwilini. Kampa mtu mkono, anageuka, Natalie msaidizi wake ameshachomoa waipsi za kujifutia, hakuna aliyesema neno na nyie mmeshaanguka kwenye kochi. Kwenye kitabu unaandikaje kitu kama hicho kikabaki kichekesho? Naogopa nisije nikakuta maelezo tu, Monk alikunja uso, Monk alijifuta mkono, kurasa mia mbili na kitu.

Halafu nieleweshwe, hivi vitabu vinavyotokana na TV ni hadithi mpya au wanachukua episodi wanaiandika upya? Na Kiingereza chake kikoje, mdogo wangu yupo kidato cha tatu anakisubiri kwa hamu. Jamani msimtaje muuaji!

Msomaji_Njiro (Arusha)

Dada umeokota dhahabu, kaa chini nikueleze.

Hadithi ni mpya kabisa. Goldberg siyo mtu wa nje aliyepewa tenda, alishaandikia sirizi yenyewe episodi kadhaa pamoja na mwenzake William Rabkin, kwa hiyo sauti za wale watu anazo kichwani. Na kwa hicho kitabu chako mambo yalienda kinyume na unavyofikiri, kitabu kilitangulia halafu ndo kikageuzwa episodi, ile ya msimu wa 5 inaitwa Mr. Monk Can't See a Thing ambayo Monk anapofuka macho. Ila walibadilisha mno, huko kupofuka kitabuni hakupo, kwa hiyo hata kama uliiona episodi soma tu kwa amani.

Sasa kuhusu mwili. Jibu ni Natalie. Kitabu chote anasimulia Natalie Teager kwa mdomo wake, mimi nilifanya hivi, mimi nikamwambia hivi, na hiyo ndo akili kubwa ya Goldberg, kwa sababu hakujaribu kushindana na uso wa Shalhoub hata kidogo. Kwenye TV unacheka ukimwona Monk, kwenye kitabu unacheka ukimsikia mtu anayeishi naye kila siku akikueleza yaliyompata, kama vile dada yako anavyorudi kutoka kazini anavua viatu anaanza "we acha tu, leo bosi wangu..." na unajua kabisa hapo hakuna kulala. Natalie ni mjane, mume wake alikuwa rubani wa jeshi akafia Kosovo, ana binti yake Julie, na mshahara anaolipwa na Monk ni wa kubana matumizi. Kwenye TV hayo yanatajwa yanapita. Kitabuni yapo kila siku, na ndiyo yanafanya vichekesho viwe na uzito.

Kinavyoanza: jengo analoishi Monk linapuliziwa dawa ya mchwa, hana pa kwenda, hoteli ni kisirani, basi anahamia kwa Natalie. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hasubiri siku ya tatu wala kupewa, analichukua jembe mwenyewe na kuilima nyumba yote, na mwenye nyumba ndo anabaki kama mgeni. Mimi nilisoma hizo kurasa kwenye kifodi cha kutoka mjini kwenda Njiro nikapitiliza kituo.

Kesi yenyewe ni mbwa. Kikosi cha zimamoto kina mbwa wao anaitwa Sparky, ameuawa, na Julie anamwomba Monk amtafute muuaji. Usiku huohuo jirani na hapo kuna nyumba imeungua na bibi mmoja amefia ndani. Naishia hapo.

Mtu_wa_Mlima (Machame)

Mi naomba nipingane kidogo na dada wa Njiro japo namheshimu. Napandisha wageni, hivi vitabu nimepewa viwili vitatu na nimesomea kwenye hema jioni, huko hakuna mtandao hakuna nini, kitabu ndo rafiki.

Tatizo langu ni urefu. Episodi ya Monk haifiki saa nzima, kila tukio lina kazi. Ukiivuta iwe riwaya inabidi kujaza, na Goldberg anajaza kwa Monk kukataa kitu, Monk kupanga kitu, Monk kuhesabu kitu. Mara ya kwanza unacheka, mara ya nne unafungua kurasa ya mbele kuangalia kama amemaliza. Na kila kitabu kinaanza kukutambulisha upya, Monk ni nani, mke wake Trudy aliuawa kwa bomu la gari, alifukuzwa polisi, wakati anayenunua kitabu hicho anajua yote hayo tangu 2002 sirizi ilipoanza. Na pia kama unategemea kuumiza kichwa nani kaua, mara nyingi utamjua mapema, swali linabaki alifanyaje. Wengine mnapenda hivyo, mi napenda nifichwe mpaka mwisho.

Lakini haki yake nimpe, Mr. Monk and the Blue Flu ni kitabu kizuri sana aisee. Polisi wa San Francisco wana mgogoro wa mkataba na jiji, wote "wanaumwa" siku moja, jiji halina wapelelezi, basi meya anamrudishia Monk beji na kumpa cheo cha kapteni. Ile beji aliyoililia sirizi nzima! Ila ameipata kwa kukaa kwenye kiti cha rafiki yake Kapteni Stottlemeyer wakati rafiki yake yuko kwenye mgomo. Kitengo anachopewa ni wapelelezi wa zamani walioondolewa kazini kila mmoja na shida yake ya akili, na kila mmoja kaja na msaidizi wake kama Monk alivyo na Natalie. Wale wasaidizi wakikutana wao kwa wao, jamani. Hapo hakuna kurasa niliyoruka.

Nesi_Pasua (Moshi)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nimefanya kazi na wagonjwa wa akili miaka mingi na nilikuwa naogopa hivi vitabu kuliko ninyi, maana ugonjwa wa Monk upo. Upo hapa hapa Kilimanjaro. Kuna mtu ananawa mikono mpaka ngozi inatoka, kuna mtu anarudi kuangalia kitasa cha mlango mara kumi hawezi kwenda shambani, na nyumbani wanamwambia ana majini au amelogwa, anazungushwa kwenye maombi na kwa waganga mpaka anafika hospitali ameshachoka na familia imeshachoka. Ni ugonjwa, mawazo yanayoingia bila kukaribishwa na yanamlazimisha arudie kitu ili hofu ipungue, na hofu ikipungua ni kwa dakika tu. Matibabu yapo, yapo mazungumzo na mtaalamu ambapo unazoezwa kidogo kidogo kuikabili ile hofu bila kurudia kile kitu, na dawa zipo.

Kwa hiyo nilipoazimwa hicho cha zimamoto nilikisoma nikiwa nimekunja ndita. Na nimempenda Natalie. Anachoka, anakasirika, anamwambia ukweli, lakini simkumbuki akimdharau. Anajua lini ampe waipsi na lini akatae kumpa, na sisi wauguzi tunajua hiyo ni kazi ngumu kiasi gani, kwa sababu ukimsaidia mgonjwa kwa kila hofu yake unaulisha ugonjwa. Watu wanaomuuguza ndugu wa namna hii hawaandikwi vitabuni, anaandikwa mgonjwa au anaandikwa daktari. Kumpa simulizi yule anayebeba begi la waipsi ni heshima kubwa na nadhani ndo sababu nilicheka bila kujisikia vibaya.

Kitu kimoja sikubaliani nacho na hiki ni cha sirizi, ile episodi ya msimu wa 3 Monk anakunywa dawa anakuwa mchangamfu halafu kipaji cha upelelezi kinapotea. Nimeshasikia wagonjwa wakisema hivyo hivyo, dawa itaniondolea akili yangu. Jamani usiache dawa kwa sababu ya TV, ongea na daktari wako. Mtu wa Mlima kuhusu kurudiarudia kaka yangu, mimi naona kule kurudia ndiyo maisha yenyewe ya yule mtu na ya anayemhudumia, ukipunguza utakuwa umeandika mtu mwingine.

Mtu_wa_Mlima

Dada nesi hoja yako ya anayebeba begi imenifikia. Sisi pia mgeni ndo anapigwa picha kileleni. Ila kurasa hamsini zingepungua na Monk angebaki Monk, hapo sisogei.

Mwalimu_Usa (Usa River)

Mimi nijibu la Kiingereza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kidato cha tatu anakiweza. Sentensi fupi, mazungumzo mengi sana, sura fupi, na msimulizi ni mama wa kawaida siyo profesa. Maneno yatakayomsumbua ni ya vitu vya nyumbani vya Kimarekani na majina ya bidhaa, hayo hayazuii hadithi. Nimewahi kuwapa wanafunzi riwaya za upelelezi ngumu wakakwama ukurasa wa pili, ucheshi unavuta, mtoto anataka kujua huyu mtu atafanya kituko gani tena na bila kujua ameshasoma sura tatu. Mwambie asikimbilie kamusi kila mstari.

La pili ni la moyoni. Tangu nisome hivi nawaza sisi mbona hatufanyi. Msingi tunao, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum kabla hata nchi haijapata uhuru, na Bwana Msa ana vituko vyake vinavyochekesha huku kesi ni nzito. Baadaye tukampata jasusi Willy Gamba wa vitabu vya Musiba, ambaye ni mtu wa bastola na ndege, mzuri lakini huchekeshwi naye. Tamthilia za Kiswahili siku hizi ni nyingi, watu wanazifuatilia kila usiku, wahusika wanajulikana mpaka kwa watoto. Kwa nini tamthilia ikiisha ndo imeisha? Monk kwenye TV iliisha Desemba 2009 lakini vitabu viliendelea mpaka 2015, Goldberg aliandika 15 halafu Hy Conrad, naye mwandishi wa ile ile sirizi, akaongeza 4. Watu waliompenda yule mtu waliendelea kuwa naye miaka mingine kwa karatasi tu. Muandishi mmoja wa tamthilia akikaa na msimulizi mzuri, dada wa kazi, konda, mhudumu wa mapokezi, yeyote anayemwona mkubwa kwa karibu, kitabu kitauzika. Mimi nitakuwa wa kwanza kukipeleka darasani.

Binti_wa_Rau

Asanteni wote jamani, nilianza jana zamu ya usiku wageni wakiwa wamelala. Msomaji wa Njiro ulichosema kuhusu Natalie nimekiona kuanzia mwanzo kabisa. Sijamwona Shalhoub kichwani hata mara moja kwa kurasa kadhaa, nilikuwa namsikia huyu mama anavyohema, halafu ghafla Monk anasema kitu na sauti yake inakuja yenyewe. Na da' nesi, sehemu aliyohamia nyumbani nimeisoma kwa macho mengine baada ya maneno yako, nikawa namwangalia Julie, mtoto mdogo anavyomzoea mtu wa ajabu kuliko watu wazima wanavyoweza.

Mbwa ameniuma. Sikutegemea. Swali la mwisho, nikimaliza niende wapi, kuna mpangilio?

Msomaji_Njiro

Kila kesi inajitegemea, ila usianze popote tu. Blue Flu aliyoisema kaka ni nzuri kufuata. Mr. Monk and the Two Assistants iache mpaka uwe umekumbuka vizuri habari za Sharona, msaidizi wa Monk kabla ya Natalie, maana anarudi na anakutana na Natalie uso kwa uso, mume wake anatuhumiwa kuua, na raha yote ni wale wanawake wawili wanavyopimana. Kama unampenda yule kaka yake Monk asiyetoka nje ya nyumba, Ambrose, tafuta Mr. Monk on the Road, wanamtoa safari kwa gari lenye nyumba ndani yake, na hajakubali kwenda, ndo ujue. Za baada ya sirizi kuisha weka mwisho, kwa mfano Mr. Monk on Patrol inakwenda Summit, New Jersey kwa Randy, yule polisi aliyekuwa chini ya Stottlemeyer, na inategemea unajua ile episodi ya mwisho.

Za Hy Conrad mimi binafsi nazipenda kidogo chini ya za Goldberg, mafumbo yake ni makali zaidi lakini Natalie wake hanichekeshi kwa kiwango kile kile. Mtu wa Mlima wewe unayetaka kufichwa mpaka mwisho huenda hizo ndo zako.

Mimi Blue Flu ninayo. Jumamosi ijayo nashuka Moshi kwa shangazi, nikuletee hapo hosteli unipe chochote kutoka kwenye hilo kabati?

Binti_wa_Rau

Njoo dada, nipo zamu ya mchana. Kabati lina kama rafu tatu, utachagua mwenyewe. Firehouse tu ndo haitoki, mdogo wangu ameshaikalia.